Bei imetulia, mbona watu hawajatulia?

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wako wa barua, na tafadhali usinikate sana manake hili jambo limenikaa rohoni muda. Kila wiki sasa lazima nisome mkubwa fulani, mara waziri, mara mbunge, mara hawa washauri wa Ikulu, akilalamika kwamba Wakenya hawana shukrani. Ati shilingi imesimama, ati mfumuko wa bei uko chini, ati riba inashuka, lakini mwananchi akishika simu ni kuitukana serikali tu. Wengine wanasema ni siasa, wengine wanasema vijana wa mtandaoni wamelipwa. Mimi nina duka la rejareja hapa Kisauni, nakaa nyuma ya kaunta kuanzia alfajiri mpaka saa nne usiku, na nataka niwaambie hao wakubwa bila matusi kwamba takwimu zao ni za kweli na hasira ya watu pia ni ya kweli, na hakuna haja mtu alipwe ndio akasirike.

Tuanze na hizo takwimu zao, nisije nikaambiwa napinga kila kitu. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, watu wakawa wanasema itafika 200. Kulikuwa na ile eurobondi ya 2014, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, dola bilioni 2, iliyotakiwa kulipwa Juni 2024, na kila mtu alikuwa anatuangalia kama tutaanguka vile Zambia na Ghana walianguka. Februari serikali ikakopa nyingine ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ikaanza kulipia ile ya zamani, wenye pesa wakatulia, dola ikaporomoka, na tangu Agosti 2024 imeganda pale pale kwa 129. Mfumuko wa bei uliokuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022 ulishuka mpaka 2.7 Oktoba 2024, na mwaka wote wa 2025 haukufika asilimia 5. Benki Kuu ya gavana Thugge nayo ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13, ikaanza kuishusha Agosti 2024 na 2025 ikaendelea. Hiyo ni kazi, tena si ndogo, aliyeifanya apewe haki yake.

Shida ni kwamba mfumuko ukishuka si bei imeshuka. Matatu ikipanda mlima na dereva akapunguza mwendo haijarudi chini, bado inapanda, polepole tu. Mkate wa gramu 400 ulikuwa 50 kabla hizi taabu hazijaanza, ukaja 55, ukaja 60, ukaja 65, na hapo ndipo ulipotulia. Kwa hiyo waziri akisimama akasema bei imetulia, mteja wangu anasikia kwamba mkate utakaa 65 daima, na yeye alikuwa anangoja urudi 50. Ni watu wawili wanaongea habari mbili tofauti na kila mmoja anamuona mwenzake mwongo.

Na kuna kitu sijaona mtu wa Hazina, yaani wizara ya fedha, akikigusa. Hapa Pwani nyumba nyingi zinaishi kwa hela ya Saudia, Qatar na Dubai. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, hizo ni dola zinazoingia bila riba na bila mkutano wowote na IMF kule Washington, na ni kati ya vitu vilivyoishikilia hiyo shilingi wanayojisifia. Sasa piga hesabu. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola, riyali 3.75 kwa dola moja, haipandi haishuki. Binti anayefanya kazi za nyumba Riyadh akituma riyali 1,000 wakati dola iko 160, mamake hapa Kisauni alikuwa anapokea kama shilingi 42,600. Riyali zile zile 1,000 kwa dola ya 129 ni 34,400. Shilingi elfu nane zimekwenda, kila mwezi, na binti kule hajapunguziwa kazi, na mkate hapa haujashuka hata shilingi tano. Huyo mama ukimwambia shilingi imepata nguvu atakuangalia usoni tu asikujibu. Na ndio huyo huyo aliyekuwa ananunua kwangu kwa pesa taslimu, sasa yuko kwenye daftari la deni.

Aliyepumua dola iliposhuka ni mwenye kuagiza makontena, sibishi. Lakini mpaka ile nafuu inifikie mimi wa rejareja imeshapita kwa mwenye kuagiza, kwa holseli, kwa mwenye pikipiki, na kila mmoja alikuwa na hasara zake za 2023 anataka kuzirudisha. Sukari ilishuka kiasi, mafuta ya kupikia kidogo, basi.

Wa mshahara je? Hao ndio walikuwa nguzo ya duka. Zamani mwisho wa mwezi mwalimu alikuwa anakuja anabeba beli zima la unga na jerikeni ya mafuta ya lita tatu, na mimi kwa hiyo hela naenda holseli siku ya pili. Mmoja wao mwaka jana alinionyesha pesilipu yake, si kwa kulalamika, ni kunieleza kwa nini atalipa nusu ya deni. Nikichukua mshahara wa shilingi 50,000 ili hesabu iwe rahisi, NSSF ya akiba ya uzeeni ni 3,000, SHA ya bima ya afya ni 1,375, ushuru wa nyumba za serikali 750, jumla 5,125. Mwisho wa 2022 kwa mshahara huo huo NSSF ilikuwa 200 na NHIF, bima ya afya ya zamani, 1,200, yaani 1,400 tu. Nitasema ukweli wote, tangu mwisho wa Desemba 2024 makato ya SHA na ya nyumba nayo yanatolewa kwanza ndio PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa, kwa hiyo kodi yenyewe imepungua kidogo, na NSSF ni akiba yake haijaibwa na mtu. Lakini akiba ya uzeeni hainunui unga Januari. Na nyumba anayokatiwa hajui kama ataingia yeye ama ataingia mtu mwingine, tena korti ilishasema Novemba 2023 ule ushuru haukufuata katiba, Bunge likaandika sheria mpya Machi 2024 na makato yakarudi. Mtu aliyeshinda kesi halafu akaendelea kukatwa unataka afurahie nini?

KNBS, shirika la takwimu la serikali, wenyewe kwenye ripoti zao wamekuwa wakionyesha mshahara halisi, yaani ukitoa bei za vitu, umekuwa ukirudi nyuma. Hiyo takwimu huwezi kuisikia kwenye mkutano wa hadhara, ile ya shilingi 129 utaisikia mpaka uchoke.

Ukitaka kujua nchi iko vipi njoo ukae na mimi siku moja saa kumi na mbili jioni. Mafuta ya kupima ya ishirini. Sukari robo, wengine nusu ya robo. Majani ya chai ya tano. Unga wa kilo moja unalipiwa kwa Fuliza, mkopo wa M-Pesa, yaani mtu anakopa ili ale ugali usiku huo na kesho atalipa na ada juu. Na huyu anayenunua kidogo kidogo ndiye analipa ghali kuliko wote, manake ukijumlisha mafuta ya ishirini ishirini mpaka ifike lita, amelipa zaidi ya yule aliyenunua lita nzima. Hiyo mimi najua na yeye anajua, hana la kufanya. Sidhani kama kuna takwimu ya mfumuko wa bei inayojua kwamba mtu amehama kutoka jerikeni hadi kikopo. Bei ni ile ile, maisha ndio yameshuka ngazi.

Halafu kazi. Tunaambiwa 2024 zilipatikana kazi mpya 782,300. Ni kweli KNBS waliandika hivyo, lakini waliandika pia kwamba karibu 9 kwa kila 10 ni za jua kali. Jua kali ni sisi. Kijana akikosa kazi baada ya chuo anafungua kibanda cha mayai na smoki hatua ishirini kutoka kwangu, mwingine anafungua kaduka kama kangu, wateja ni wale wale, hela ni ile ile tunagawana. Pale Nairobi kinahesabiwa kibanda kipya, ajira mpya. Hapa tunahesabu tumepunguziana.

Sasa hapo ndipo siasa inaingia, na mimi sisemi ni ya chama kimoja. Mnakumbuka unga wa mia? Julai 20, 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi, Rais Uhuru akatangaza pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 100, wakati ilikuwa imepita 200. Mimi nilipata pakiti chache sana, zikaisha asubuhi moja na watu wakaniona mimi ndio nimezificha, karibu nipigwe. Uchaguzi ukaisha. Septemba 13 Rais Ruto akiapishwa akasema ile ruzuku ya unga ilikula shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja na ya mafuta ya magari ilishakula bilioni 144, akaanza kuziondoa, na siku ya pili yake petroli Nairobi ikapanda shilingi 20 kwa mkupuo hadi 179. Kusema kweli alikuwa na hoja, ruzuku ya siku thelathini si sera. Siku ile ile pia alitangaza mizigo irudi kukaguliwa hapa Mombasa badala ya kupelekwa moja kwa moja bara kwa reli ya SGR, na hilo watu wa Changamwe na Miritini waliona faida yake, hata leo ukiwauliza watakwambia. Kwa hiyo si kweli kwamba Mkenya hakumbuki jema. Anakumbuka, tena vizuri, ila liwe limemfikia.

Lakini huyo huyo Ruto aliyeingia kwa kura za hasla na wilibaro, watu wa kuhangaikia riziki, akiahidi kuinua wa chini kwanza, 2023 akaleta Sheria ya Fedha iliyopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba mwaka huo petroli Nairobi ikafika 217. Ndio jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, likamshika Rais. Watu wanadhani hasira ya 2024 ilitoka angani, ilikuwa imeshapikwa mwaka mzima. Ulipokuja mswada wa 2024, VAT kwa mkate, ushuru wa mafuta ya kupikia, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, wanataka wakusanye bilioni 346 zaidi, hata walipoondoa baadhi ya hivyo dakika za mwisho vijana walikuwa wameshaingia barabarani kuandamana. Juni 25 wakaingia Bunge. Siku ya pili Rais akakataa kutia saini, Julai 11 akafuta karibu baraza zima la mawaziri, na baada ya hapo wakaingia watu wa ODM, chama cha upinzani cha Raila, John Mbadi akapewa Hazina. Watu wapatao 60 walikufa katika yale maandamano ya 2024 kwa hesabu ya KNCHR, tume ya haki za binadamu. Hapo sina la kuongeza.

Ninalotaka kusema ni kuhusu somo ambalo serikali ililipata siku zile. Sisi tulidhani imejifunza kupunguza mkono. Kumbe ilijifunza kuchukua kimya kimya. Mwezi ule ule wa Julai 2024, mswada haujamaliza hata mwezi tangu uangushwe, ushuru wa kutengeneza barabara kwenye kila lita ya mafuta ukapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Shilingi 7. Hakuna mswada, hakuna mjadala Bungeni wa kurushwa kwa televisheni, ni notisi tu. Na 2025 hizo shilingi 7 zikauzwa, yaani serikali ikachukua mapema shilingi bilioni 175 kutoka kwa wenye pesa ili ilipe makontrakta wa barabara, na sisi tutakuwa tunalipa hiyo saba kila tukijaza mafuta mpaka deni liishe. Makontrakta walikuwa wanadai kihalali, wengine wameshafilisika, sipingi walipwe. Lakini huyu jamaa wa bodaboda anayenunua mafuta ya mia hajaambiwa na mtu kwamba pesa yake ya miaka ijayo imeshachukuliwa. Desemba 2024 tena ushuru wa reli kwa mali inayoingia nchini ukatoka asilimia 1.5 hadi 2. Nani alikuwa anasoma sheria wiki ya Krismasi?

Mimi kama mfanyabiashara naelewa kwamba deni la zaidi ya trilioni 11 halilipiki kwa maombi. Lazima pesa itoke mahali. Nikiwa na deni holseli nabana nyumbani kwangu kwanza, naacha kula nyama, ndio nikienda kwa mteja kumwambia nimeongeza shilingi mbili anaelewa, ameona. Sasa mtu anaona nini akiangalia huko juu? Machi 2025 anaona kanisa Roysambu limepewa milioni 20 Jumapili moja, helikopta za wakubwa zinashuka kwenye viwanja vya shule kila wikendi. Kanisa Katoliki Nairobi lenyewe Novemba 2024 lilikataa zaidi ya milioni 5 za wanasiasa, zilizokuwa zimeshatolewa likasema zirudishwe, na maaskofu wakasema hadharani wamechoka na uongo. Msiseme ni vijana wa mtandaoni. Maaskofu hawana TikTok.

Kwa hiyo kura za maoni zikitoka mkaona watu wanasema nchi inaelekea kubaya wakati chati za Benki Kuu zinaonyesha mambo mazuri, msitafute mchawi. Uaminifu ndio uliovunjika, na uaminifu haupandi eti kwa sababu riba imeshuka robo asilimia. Hata hiyo riba yenyewe, mimi nilienda benki kuulizia mkopo wa kuongeza stoki baada ya kusikia imeshuka, nikapewa bei ambayo nilirudi zangu dukani kimya. Labda imewashukia wenye viwanda.

Pia nasema na vijana wetu kidogo, msinune. Siku ya maandamano mimi nashusha mlango na siku hiyo sili. 2025, Juni 25 na Saba Saba, yaani Julai 7, tuliona maduka ya watu wadogo Nairobi yakivunjwa na kusombwa, mtu ana mkopo wa stoki na stoki imekwenda. Watu wakafa tena, wengi, na hiyo ni aibu ya walioshika bunduki. Lakini aliyeiba simu na viatu dukani kwa mwenzake hakuwa anaandamana, na wale wanaotaka kuwaita nyote wahuni wanamshukuru sana.

Sasa tunaelekea Agosti 2027 na mimi naanza kuona dalili. Mifuko inaanza kulegea, mitaji ya akina mama inagawiwa, magunia ya mchele yanapita, vijana wanapewa pikipiki. Wazee hapa Kisauni wanakumbuka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, pesa zilivyomwagwa na kina YK'92, vijana wa kampeni ya KANU, mpaka noti ya mia tano watu wakaiita Jirongo, jina la kiongozi wao. KANU ikashinda, na 1993 mfumuko wa bei ukapita asilimia 40. Aliyepewa noti moja Desemba aliirudisha mara kumi kwa bei ya unga mwaka uliofuata. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mwaka wa uchaguzi serikali itapunguza ushuru na kumwaga miradi, sifurahi haraka, nauliza hiyo pesa imekopwa wapi na italipwa kwa kitu gani ninachouza. Na kama italipwa kwa kuuza mali ya umma, nauliza mwaka ujao itauzwa nini.

Ombi langu kwa wabunge wa huku Pwani, manake hao ndio nawapata karibu, kabla ya Mswada wa Fedha mwingine kuja waje mitaani na karatasi moja tu. Waandike kwenye lita moja ya petroli tunalipa ushuru gani na gani, kila mmoja shilingi ngapi, upi umeshauzwa na utaisha mwaka gani. EPRA, wanaopanga bei ya mafuta, huwa wanatoa hizo hesabu kila mwezi, kwa hiyo si siri, ni uvivu wa kutuambia kwa lugha yetu. Na yeyote atakayekuja 2027 na unga wa bei nusu, mimi nitaupokea na nitauuza, ila aandike kwenye pakiti ruzuku inaisha tarehe gani, ili wateja wasije wakanipiga mimi.

Mwenye duka,
Kisauni, Mombasa